Maboga katika Ua wa Rukia

Jumamosi, 2 Oktoba 2004

Mhariri kakata aya mbili tena. Zile mbili zenye meno. Kaacha salamu na hitimisho, kama mtu aliyemenya chungwa akala maganda. Nimempigia simu. Hayupo. Mwaka wa sita huu, kila nikipiga mimi, hayupo.

Nimerudi kutoka wizarani saa nane. Muna hayupo nyumbani. Njeri kaniambia yuko mkabala, kwa khalati yake Rukia. Siku ya nne mfululizo. Nimekula peke yangu na gazeti mbele yangu, nikiisoma makala yangu iliyohasiwa.

Niweke wazi, maana daftari hili halina wa kulisoma ila mimi. Rukia ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Kakaa Uingereza miaka ishirini na mbili akishona nguo za maharusi. Kaachika, hana mtoto. Karudi Januari, kakodi nyumba inayotazamana na yangu hapa Mabela, pembezoni mwa Muscat. Nyumba hiyo nilimtafutia mimi. Mimi mwenyewe! Nilimwambia dalali nataka iwe karibu.

Muna ana miaka kumi. Kaka zake wawili wako masomoni nje. Kabaki yeye. Nilimzaa nina arubaini, baada ya daktari kuniambia nisahau habari ya mtoto mwengine.

Nakaa dirishani kama mlinzi. Upuuzi.

Jumatano, 6 Oktoba

Muna karudi na nyuzi kwenye nywele. Nimemuuliza wanafanya nini huko. "Siri, Mama." Siri!

Nimekwenda kuona kwa macho yangu. Ua wa Rukia ni mpana, changarawe tupu na mkunazi mmoja. Juu ya mkunazi wananing'inia popo, wamekatwa kutoka baibui kuukuu. Pembe ya ukuta imetandwa uzi mweupe wa kufumia, kama nyumba iliyohamwa miaka mia. Mlangoni kasimama mtu wa mifupa, mbavu zote kamili, katengenezwa kwa vipande vya mabomba ya maji. Rukia kaviokota kwa mafundi wanaojenga kiwanja cha pili. Mtaa wote huu ni ujenzi, na sote tunalalamika kwa vumbi. Yeye katoa mtu.

Barazani watoto kumi na mmoja wamekaa chini na mikasi. Wangu katikati.

Rukia kainuka, kaitoa sindano mdomoni. "Karibu, Dada. Tunafanya Halowini, tarehe thalathini na moja. Ya mchezo tu, hapahapa uani. Kila mtoto anashona vazi lake."

Nikamwambia itakuwa ni Ramadhani. Akasema baada ya futari, kwani Ramadhani watoto wanafunga hata kucheza? Nikasema mengi. Nilisema vizuri, kwa mpango, hoja ya kwanza mpaka ya nne. Watoto wakaacha kukata. Muna akatazama chini, kama mtoto ambaye mama yake kaingia skuli na nguo ya kulalia.

Wale popo ni wazuri. Hilo ndilo lililoniudhi.

Alhamisi, 7 Oktoba

Mapumziko. Nimeandika toka alfajiri mpaka adhuhuri. Makala nimeiita "Mazimwi ya Kuazima". Moto mtupu.

Hoja yangu ni hii. Watoto wa Oman, usiku wa nusu ya Ramadhani, wana karankashuh. Hupita nyumba kwa nyumba wakigonganisha makome na kuimba, wakapewa pipi na njugu. Tunayo yetu! Kwa nini tukaazime ya watu ambao wenyewe washasahau ilitoka wapi? Nimesoma. Waayalandi walikuwa wakichonga tanipu, namna ya figili, kufukuzia mizimu, Wamarekani wakaleta maboga, wafanyabiashara wakamalizia kwa plastiki. Sisi tunataka kuingia shughulini wageni washaondoka, tukaramba masufuria.

Nilikuwa nasoma kwa sauti. Njeri alikuwa anapiga pasi. Njeri ni Mkenya, anatusaidia kazi za nyumba, mlokole wa kweli kweli. Kaniunga mkono kabla sijafika mwisho. "Hapo umesema, madam. Hiyo kitu ni ya shetani. Kanisani kwetu pasta amekataza kabisa."

Nimepata mshirika na sikumtaka. Mimi sikumtaja shetani.

Sentensi moja naiandika hapa, gazeti halitaiona: angekuwa jirani mwengine yeyote, ningecheka nikapita.

Jumatatu, 11 Oktoba

Imetoka. Haijakatwa hata mkato.

Kazini wamenipongeza. Mkuu wa idara kaja mpaka mezani kwangu, jambo ambalo halijatokea tangu aletwe. Iliyopendwa zaidi ni aya ya tano, ile ya "wanaorudi na masanduku ya Ulaya wakataka kutufunza hata kucheza". Wawili wamenisomea kwa moyo.

Khalfan kasoma akinywa chai, shati la bandarini bado mwilini. Mume wangu huyu husoma polepole, kama anakagua mzigo. Kalikunja gazeti.

"Umeandika vizuri, bibie. Ila nambie, wewe karankashuh uliicheza wapi? Malindi ya Unguja?"

Kacheka mpaka chai ikamwagikia sahanini.

Sikuicheza. Na yeye hakuicheza. Tumezaliwa Unguja sote wawili, michezo yetu ilikuwa mingine. Nilipofika Muscat nilikuwa na miaka kumi na minane na Kiarabu cha chuo cha Kurani. Mara ya kwanza kusikia karankashuh nilidhani watoto wanapigana njiani. Nikafunga dirisha.

Hoja haivunjwi na mahali alipozaliwa msemaji. Nimemwambia hivyo.

"Haya," kasema.

Nachukia "haya" yake.

Jumanne, 12 Oktoba

Muna kaisoma. Sijui lini alianza kusoma magazeti.

Kaniuliza swali moja. "Aya ya tano ni Khalati?"

Nikamwambia ni watu kwa jumla.

"Kwa jumla, na sanduku lao moja?"

Ulimi wangu mtupu huo. Nilitaka kufurahi kuwa katoka kwangu. Nikashindwa, kwa sababu ulimi ulikuwa unamtetea mtu mwengine.

Kisha kavuka njia, kaenda kwake. Sikumkataza. Nilitaka mwenyewe asitake kwenda.

Jumamosi, 16 Oktoba

Ramadhani mosi. Joto bado halijatoka, midomo imekauka saa nne asubuhi.

Rukia kaja kunipa mkono wa Ramadhani. Hakulitaja gazeti. Hata kwa jicho. Tangu Jumatatu nimejiandaa, nina majibu saba, mengine mazuri sana. Hakunipa nafasi ya hata moja. Kaniuliza presha yangu iko vipi.

Huo pia ni ujeuri.

Jumatano, 20 Oktoba

Kwetu, Ramadhani, sahani huvuka njia kabla ya adhana ya magharibi. Na sahani hairudi tupu.

Leo imevuka ya Rukia. Boga la nazi, lina iliki, tui limekaukia kama tui la Mama. Boga limetoka wapi najua. Maganda yake yako juu ya ukuta wake, saba kwa safu, yamechongwa macho na meno. Ganda kalipa uso, nyama kaipika. Hakuna kilichotupwa. Hoja yangu ya tatu katika makala ilikuwa ni israfu ya chakula.

Nimelila. Lote. Nimeifuta sahani kwa kidole.

Langu mimi huwa maji. Nimejaribu miaka thelathini. Mama akisema mbele ya wageni, "Rukia kapewa mikono, huyu mkubwa kapewa mdomo." Wageni wakicheka. Mimi nikicheka kuwashinda.

Sasa niandike wazi. Si mila. Si Ayalandi. Nna wivu. Nna wivu wa mikono yake, wa tui lake, wa nyuzi kwenye nywele za mwanangu. Nna wivu hata wa kuachika kwake, maana kumempa mchana mzima. Mimi mchana ni wa wizara, jioni ni ya magazeti. Muna hupata ukoko. Na ukoko wenyewe nampa huku nasahihisha koma.

Nimemaliza kuandika hayo na wivu uko palepale. Watu husema ukilitaja jambo linapungua. Uongo.

Sahani nimeirudisha na tende. Za dukani, katika boksi lake.

Jumapili, 24 Oktoba

Rukia kaja leo alasiri, kasimama mlangoni, hakukaa.

"Dada, makala yako nimeisoma. Mara mbili. Umesema kweli, ya hapa tunayo. Nimewaambia watoto Halowini hakuna. Tutafanya karankashuh, Ijumaa."

Basi. Hakukuwa na kingine. Kashuka ngazi, kavuka njia.

Nimeandika magazetini miaka ishirini. Nimewaandika mabaraza, walimu, wachapishaji, madaktari, wenye magari wanaopiga honi msikitini. Hajatokea mtu mmoja kubadili jambo lake kwa sababu ya makala yangu. Huyu ndiye wa kwanza. Na ni yeye. Furaha yangu haikufika dakika tano. Ya sita nikawaza: karankashuh pia kaichukua.

Nikamwita Muna. Nikamwambia Ijumaa atasimama na mimi mlangoni petu. Watoto wataanzia kwetu. Kasema, "Sawa, Mama." Hakubisha. Mtoto wangu asipobisha, naogopa.

Jumatatu, 25 Oktoba

Nimekwenda kwa Umm Said, jirani wa kushoto. Mzaliwa wa Barka, hapahapa Oman, kaicheza karankashuh tangu anatambaa. Nimemwomba anifunze nyimbo. Nilikwenda na daftari.

Kacheka mpaka kashika mlango. Hii haifunzwi, kasema. Unakimbia nyuma ya wenzio, unaokota unachosikia, unakosea, wanakucheka, mwakani unajua.

Nimemtaka anitajie maneno hata hivyo. Nimeyaandika yote. Nimeweka na tanbihi.

Ijumaa, 29 Oktoba

Siandiki leo.

Jumamosi, 30 Oktoba

Ya jana kwanza.

Niliweka meza mlangoni kabla ya magharibi. Vifuko arubaini. Korosho, pipi, lozi. Ndani ya kila kifuko karatasi moja iliyokunjwa: historia ya karankashuh, herufi kubwa, lugha nyepesi. Nilikaa siku mbili kuiandika. Muna kasimama ubavuni kwangu na gauni nililomnunulia, lina nakshi za dhahabu shingoni. Lilikuwa linamwasha. Nilimwona akijikuna. Nikamwambia asimame vizuri.

Wakaja. Walikuja wote, kama nilivyotaka, kwangu kwanza. Makome yanalia, wanaimba. Nikainua mkono wanyamaze. Nikawaeleza mchezo huu umetoka wapi na kwa nini tuutunze. Dakika tano hazikutimia, naapa. Mtoto wa mwisho wa Umm Said, miaka sita, mfuko kaunyoosha tangu bismillahi mpaka mkono ukaanza kutetemeka.

"Khala, pipi kwanza," kaniambia. "Maneno baadaye."

Mama zao wakacheka. Nikagawa. Nilipoinua kichwa, ng'ambo ya njia taa zimewaka.

Popo wametolewa. Yule mtu wa mifupa hayupo. Juu ya ukuta kaweka maboga mapya, hayana meno wala macho. Kayachonga nyota na miezi, mishumaa ndani. Juu ya mkunazi zananing'inia chupa za kahawa za kioo, kila moja na moto wake. Na langoni, kwenye kamba, mifuko ya kitambaa. Kila mfuko umetariziwa jina la mtoto. Mtaa mzima. Hata wale wa nyumba ya kona ambao hatusalimiani nao.

Wakavuka kama maji. Karatasi zangu zikabaki njiani.

Rukia hakusimama langoni. Alitoka. Kachukua makome mawili, kaanza kukimbia nyuma yao akiimba. Mtu wa miaka arubaini na sita, baibui limefungwa kiunoni. Naye pia wa Unguja, naye pia hakuicheza hata siku moja. Kaimba vibaya. Kila mstari kakosea. Watoto wakamcheka mpaka wakakaa chini, wakamsahihisha, akakosea tena. Kinamama barazani, "Mashallah, Rukia, mashallah." Umm Said kalia kwa kicheko.

Mimi maneno yote nilikuwa nayo. Kwenye daftari.

Muna hakuondoka. Nilimwambia asimame na mimi, kasimama na mimi. Mikono nyuma. Mfuko wake niliuona pale langoni, jina lake kwa uzi wa kijani, umebaki peke yake kwenye kamba. Ningesema neno moja, "Nenda." Mimi mwenye maneno. Nililihisi liko mdomoni. Sikulisema. Nilitaka mtu mmoja abaki upande wangu, hata kama ni kwa amri.

Sasa ya leo. Ya leo ni mbaya zaidi.

Nimetoka kazini, nikaenda kuliweka lile gauni kwenye kabati la Muna. Nyuma ya sanduku la vitabu nikaona foronya imejaa. Nikaifungua. Bundi.

Kwetu bundi akilia juu ya paa watu husoma dua, na mtoto wangu kachagua kuwa bundi. Vazi la ile Halowini, limemalizika kabla haijafutwa. Mamia ya vipande vya nguo, kahawia, kijivu, rangi ya mchanga, kila kipande kimekatwa unyoya na kukunjwa ukingo. Mabawa mawili, kila moja upana wa meza. Nimekaa kitandani nikayatazama. La kulia lilikuwa zuri. La kushoto lilikuwa zuri kuliko la kulia. Mishono midogo, sawasawa, imelala kama mchele. Mishono ya Mama. Nimeijua kabla sijaigusa.

Nikasema moyoni: hapa Rukia katia mkono wake wote. Ndani ya nyumba yangu. Ndani ya kabati la mwanangu.

Nikalishika la kushoto nikalichana. Toka begani mpaka nchani. Kitambaa kililia. Manyoya yakatawanyika hadi chini ya kitanda.

Nilipogeuka Muna kasimama mlangoni, begi la skuli bado mgongoni.

Hakulia. Katazama bawa, kanitazama mimi.

"Hilo nimelishona mimi, Mama. La Khalati ni lile jengine."

Bawa lilikuwa bado mkononi mwangu. Nimeandika hivi na sitaki kuipamba.

Akavua begi, akaliweka chini taratibu. "Ulishashinda," akasema. "Ulitaka nini tena?"

Nilingoja avuke njia. Nilikaa dirishani nikamngojea. Rukia angelirekebisha kwa nusu saa, na angejua, na ningestahili. Muna hakwenda. Kajifungia chumbani mwake na kitabu. Futari katoka, kala, kamwambia baba yake skuli ilikuwa nzuri. Hakunisema kwa mtu.

Kanificha. Mtoto wa miaka kumi kaniwekea siri, na hii sikuiomba.

Mikono ya Mama haikwenda kwa Rukia peke yake. Ilipita kwangu bila kusimama, ikateremka kwa Muna. Miezi kumi iko nyumbani mwangu mikono hiyo na sikuiona, kwa kuwa nilikuwa nalinda dirisha.

Jumapili, 31 Oktoba

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema naumwa. Si uongo sana.

Nimeokota manyoya yote. Nimekaa sebuleni na sindano tangu Muna alipoondoka na basi la skuli. Sijashika sindano tangu madrasa. Njeri kanitazama mara tatu akipita na ufagio.

"Madam, leta hapa. Utajidunga, na umefunga."

Nikamwambia aendelee na kazi yake. Nimejidunga. Mara nyingi. Mshono wangu unakwenda kama mlevi. Nimeufumua mara mbili, mara ya tatu nimeuacha.

Muna karudi saa nane. Kaona. Kaenda kubadilisha nguo, karudi, kakaa pembeni yangu kwenye zulia. Uzi uliponikatikia kauchukua, kautunga sindanoni mara moja tu, kanirudishia. Tumefanya hivyo mpaka alasiri. Yeye anatunga, mimi naharibu. Nilimwomba radhi mara moja, kwa maneno machache. Kaitikia kwa kichwa.

Alipokwisha kusali kalivaa lile vazi. Sikumwambia alivae.

Nikavuka njia mwenyewe kumwita Rukia aje afuturu kwetu. Tangu arudi ni Khalfan ndiye huwa anamwita. Alikuwa anashusha mishumaa. Kanitazama vidole.

Tulikaa chini, sote watano, Njeri pia. Adhana ikatoka. Tende, maji. Rukia kalivuta bawa la kushoto la Muna, kalipitisha polepole baina ya vidole vyake.

"Nani kalichana?"

"Mie," nikasema.

Khalfan akaacha kutafuna. Njeri akatazama sambusa. Rukia akaligeuza bawa upande wa ndani.

"Uzi umeuvuta mno, Dada. Limekunjika."

"Nnajua."

"Lakini litashika."

Bado nna wivu. Ningependa kuandika vingine. Aliposema "litashika" nilifurahi, na hapohapo nikaona uchungu kwamba ni yeye aliyekuwa wa kulisema.

Mabawa yamefungwa mpaka kwenye ncha za vidole. Muna hakuweza kushika kijiko, na hakutaka kuvua. Kafungua kinywa kangoja, macho kwenye bakuli la shurba, ile supu ya ngano, hakumtazama yeyote. Rukia alikuwa karibu naye kuliko mimi. Kachukua kijiko. Kampa cha kwanza, kampa cha pili, shurba ikamdondokea bundi kifuani. Bakuli lilikuwa mbali na mkono wa Rukia.

Nikamsogezea.